Miwani tatu na jicho la mjomba

Miwani yangu ya kwanza ya kuvulia niliinunua kwa shilingi 350 kando ya barabara, karibu na stendi ya mabasi ya Kisumu, Jumamosi moja nikiwa na haraka ya kwenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapo hapo Kisumu. Lenzi moja ilikuwa na kibandiko cha dhahabu kilichoandikwa "Polarized", yaani polaraizi, lenzi inayokata mng'ao wa majini. Niliivaa, nikainua uso juani, nikaona giza la kupendeza, nikalipa. Sikumuuliza muuzaji swali hata moja, na kusema kweli sikujua la kuuliza.

Kutoka siku hiyo hadi nilipopata miwani inayonifaa ulipita karibu mwaka mzima, na zikanitoka shilingi 12,100. Kati ya hizo, 4,650 zilikwenda bure, kwa makosa ambayo mtu anayejua angenizuia kwa maneno ya dakika kumi. Hayo maneno ya dakika kumi ndiyo ninayotaka kumwachia yeyote anayekwenda ziwani, awe anavua kwa riziki au anavua Jumamosi kama mimi.

Mimi ni fundi wa friji. Ziwani naenda mwisho wa wiki na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeanza kuvua akiwa na miaka 14. Namwita nera, naye ananiita okewa, kama sisi Wajaluo tunavyoitana mjomba na mpwa. Ana mashua ya mbao yenye injini ndogo. Tunavua kwa mishipi, mbuta hasa, yaani sangara, na tukisogea kwenye mafunjo tunajaribu ngege, yaani tilapia.

Anayeijua Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria anajua ilivyolala: imenyooka kutoka mashariki kwenda magharibi, na Kisumu imekaa kwenye ncha ya mashariki kabisa. Ukitoka alfajiri, jua liko mgongoni. Ukirudi saa tatu au saa nne, unalo usoni, tena mara mbili, moja la angani na jingine linalokupiga kutoka majini. Ukitoka alasiri linakungoja upande wa magharibi. Nera amekunja uso dhidi ya mng'ao huo miaka zaidi ya arobaini, mpaka mikunjo ya pembeni mwa macho yake imekuwa kama ya mtu anayecheka hata akiwa amekasirika. Nilikua nikidhani ndivyo uso wa mvuvi unavyopaswa kuwa.

Ile miwani ya shilingi 350 ilifanya jambo moja tu: ilitia giza. Maji yalikuwa yakimetameta kama bati jipya, nilipoivaa yakawa bati la kijivu, lakini bati lilibaki bati. Sikuona hata kidole kimoja chini ya uso wa maji. Jioni macho yaliniwasha na kutoa machozi, kama yameingia mchanga, nikalaumu vumbi la karakana. Niliendelea kuivaa miezi mitatu.

Baadaye, nilipoipeleka kwenye duka la miwani na kupimwa kwa kimashine chao kidogo, ikaonekana ilikuwa ikipitisha mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayochoma ngozi na macho. Na hapa ndipo ubaya wake ulipo. Ukiwa juani bila miwani, mboni inajibana na unakunja jicho. Mwili unajilinda kadiri unavyoweza. Ukitia giza mbele ya jicho, mboni inafunguka kama mlango wa nyumba iliyozimwa taa. Ikiwa giza hilo halizuii mionzi, umeifungulia njia. Afadhali ningeenda na kofia tu. Kuna miwani za bei ya chini ambazo zina kinga nzuri, kwa hiyo sisemi bei ndiyo hukumu. Nasema weusi wa lenzi hauelezi chochote kuhusu kinga. Tafuta maandishi ya UV400, yaani inazuia mionzi hiyo hadi nanomita 400, na ukiweza uombe ipimwe. Mimi nilipimiwa bila malipo.

Miwani ya pili niliagiza mtandaoni, shilingi 2,800, lenzi za kijivu zenye kioo cha buluu kwa nje. Hii ilikuwa polaraizi ya kweli, na sitasahau asubuhi ya kwanza nilipoivaa. Tulikuwa tumefunga mashua kando ya mafunjo, saa tatu hivi, nikaitelemsha kutoka kwenye kofia. Lile bati likaondolewa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Mashina ya mafunjo niliyoyazoea yakiishia kwenye uso wa maji yakaendelea kushuka, ya kijani, yenye utelezi, na kamba ya nanga yetu ikaonekana ikizama mpaka urefu wa mkono kabla haijamezwa na ukungu wa maji. Kulikuwa na gogo pale chini, umbali wa hatua mbili tu kutoka kwenye mashua. Tumefunga mahali pale mara nyingi mno na sikuwahi kujua lipo.

Nieleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hili hutadanganywa tena na kibandiko. Mwanga wa jua unapotushukia unatikisika kila upande, wima na ulalo. Ukigonga maji na kurudi machoni, sehemu kubwa ya kile kinachorudi inatikisika kwa ulalo, sambamba na uso wa maji. Lenzi ya polaraizi ina utando ndani yake, ambao Mmarekani Edwin Land aliubuni mwishoni mwa miaka ya 1920, na unafanya kazi kama uzio wa fito zilizosimama. Rusha kijiti kikiwa kimesimama, kitapenya kati ya fito. Kirushe kikiwa kimelala, kitagonga na kudondoka. Mng'ao wa majini ni kile kijiti kilicholala.

Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni rahisi. Vaa miwani, tazama kitu tambarare kinachong'aa, boneti ya matatu, kaunta ya kioo, hata beseni la maji. Kisha inamisha kichwa taratibu kuelekea bega. Kama lenzi ni ya kweli, mng'ao utapungua ukiwa wima na kurudi kichwa kinapolala. Kama haubadiliki, ni kioo cheusi tu. Jaribio la pili ni kuchukua miwani mbili zinazodaiwa kuwa polaraizi, uzipishanishe lenzi kwa lenzi, moja imesimama na nyingine imelala. Za kweli zitakuwa nyeusi tititi mahali zinapopishana. Wauzaji wengine wana kadi yenye picha iliyofichwa inayoonekana ukivaa miwani. Si uongo, lakini inathibitisha utando tu, haisemi lolote kuhusu mionzi. Hayo ni mambo mawili tofauti na unayahitaji yote mawili.

Sasa makosa ya miwani ya pili, ambayo yaliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujiona mjuzi.

Ndani ya mkono wa miwani nyingi kuna namba ndogo, kutoka 0 hadi 4, inayoonyesha kiasi cha giza. Namba 3 inapitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na ndiyo inayofaa jua la kawaida la ziwani. Namba 4 inapitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na haifai kuendeshea gari. Yangu ilikuwa namba 4. Sikuisoma. Mchana ilikuwa raha tupu. Lakini siku moja tulichelewa kurudi, jua likiwa linazama nyuma yetu, na nera aliniachia usukani apange samaki. Sikuvua miwani kwa sababu macho yalikuwa yameshaizoea na sikuhisi kwamba giza limeingia. Mbele yetu mtu alikuwa ametega nyavu za usiku. Maboya yake yalikuwa vipande vya ndala na chupa za plastiki, kama kawaida. Nera alipiga kelele, "Okewa, zima!" nikazima, lakini kamba ilikuwa tayari imejizungusha kwenye panga za injini.

Tulikaa pale karibu saa nzima, nera akiwa ameinama nyuma na kisu, akikata kidogo kidogo ili asiharibu zaidi ya kilichoharibika. Mwenye nyavu alikuja na kasia lake kimya kimya. Alishika ule upande uliochanika, akaupitisha vidoleni tundu kwa tundu kama mtu anayehesabu fedha, na hakunitukana. Ningependa angenitukana. Nililipa shilingi 1,500 za kushonea wavu, na nera hakuniachia usukani tena mpaka mwezi uliofuata. Tangu siku hiyo nina sheria: jua likigusa vilima, miwani inatoka usoni, hata kama naona vizuri nayo.

Miwani yenyewe ilikwisha vibaya. Nilikuwa nikiifuta kwa pindo la fulana, fulana ambayo imeshikashika omena wa chambo na mchanga wa ufuoni, na baada ya miezi miwili lenzi zilikuwa na mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Siku nyingine niliiacha juu ya kifuniko cha injini chenye moto, na kona moja ya lenzi ikaanza kufanya malengelenge, tabaka zikaachana. Mwisho niliinama kunasua mshipi uliokwama kwenye gugu maji, ikateleza puani kwa jasho, ikaanguka. Niliiona ikizama, kile kioo cha buluu kikigeuka mara mbili, halafu ikatoweka. Kamba ya shingoni yenye boya dogo ni shilingi 150. Sasa ninayo.

Baada ya hapo nilikaa wiki kadhaa bila miwani, na huenda ningeacha kabisa kama si jicho la nera.

Tulikuwa tumekaa kivulini Dunga tukisubiri upepo utulie. Alikuwa amenigeuzia upande wa kushoto na jua lilimpiga kwa pembeni, nikaona kitu ambacho nadhani nimekiona maisha yangu yote bila kukitazama: kinyama chekundu, chenye umbo la pembetatu, kimeanzia kwenye kona ya pua na ncha yake imepanda juu ya weusi wa jicho. Vijishipa vyake vilionekana kimoja kimoja. Nikamwuliza kama kinamuuma. Akasema, "Hiki ni cha wavuvi, hata baba yangu alikuwa nacho." Nikaanza kuwatazama wazee wengine pale ufuoni. Niliacha kuhesabu baada ya mtu wa nne.

Ilinichukua majuma matatu kumshawishi tuende kwa daktari wa macho mjini. Ada ya kumwona ilikuwa shilingi 500, na nililipa mimi. Daktari alieleza kwamba kinyama hicho kinahusishwa na jua, upepo na vumbi la miaka mingi, na kwamba mionzi ile ile inachangia mtoto wa jicho. Cha nera hakijafika kwenye mboni, kwa hiyo kitaangaliwa kwanza. Kikiisogelea kitatolewa kwa upasuaji, na hata baada ya kutolewa kinaweza kurudi ikiwa macho hayakingwi. Kisha akatukumbusha jambo ambalo tunaishi nalo bila kulipa uzito: ikweta inapita Maseno, hapo karibu tu, na Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua letu linashuka wima, na kadiri unavyopanda juu mionzi inazidi. Mvuvi anakaa chini ya jua hilo bila mti hata mmoja.

Nera alisikiliza yote. Tulipotoka akasema, "Kwa hiyo miwani si urembo." Sijui ni mara ngapi nimelikumbuka neno lile.

Miwani ya tatu niliinunua siku hiyo hiyo kwa shilingi 6,800, na safari hii niliuliza kila kitu. Nilichukua lenzi za rangi ya shaba, si kijivu. Kijivu huacha rangi zilivyo na ni kizuri kwa maji mapana, ya kina, yenye jua kali, kwa hiyo anayevua mbali huko nje ya ghuba asiogope kuichukua. Lakini maji yetu ya Winam ni ya kijani kwa mwani, na mvua zikinyesha, mito ya Nyando na Sondu huyaleta ya kahawia. Katika maji ya namna hiyo shaba inatenganisha vitu vizuri zaidi: ukingo wa gugu maji, boya la wavu, mgongo wa gogo, mkunjo wa maji unaoonyesha kuna kiboko. Rangi ya manjano ni ya alfajiri na mawingu mazito. Sikuona haja ya kununua miwani nyingine kwa ajili ya saa moja ya alfajiri, na sikushauri ununue kama fedha ni za kubana.

Na tuambiane ukweli kuhusu hili la kuona samaki. Hakuna miwani inayosafisha maji. Inaondoa mng'ao wa juu, basi. Kama maji yenyewe ni tope, utaliona tope vizuri. Mwenye duka akikuahidi kwamba utamwona mbuta akiwa chini kabisa pale Dunga, mshukuru na uondoke.

Tena haifanyi kazi sawasawa siku nzima. Kwenye maji, mng'ao hunaswa karibu wote pale mwanga unapogonga kwa pembe ya nyuzi 53 kutoka wima. Kwetu hapa jua hufika pembe hiyo yapata saa tatu asubuhi, na tena yapata saa kumi alasiri. Ndiyo maana ile asubuhi ya mafunjo ilinishangaza kiasi kile; nilibahatika saa. Saa saba kasoro, jua likiwa utosini, tofauti ni ndogo. Wakati wa machweo vilevile. Ukiijaribu miwani yako saa hizo usikimbilie kusema umeibiwa.

Fremu niliyochagua inazunguka mpaka kwenye mapaji ya pembeni. Mwanzoni niliona haipendezi. Lakini mwanga unaoingia kwa pembeni huigonga lenzi kwa ndani na kurudi jichoni, na fremu nyembamba za mtindo hazina dawa ya hilo. Pua yake ni ya mpira, haitelezi kwa jasho. Lenzi ni za plastiki ngumu. Za kioo ni angavu zaidi na hazikwaruziki upesi, ila ni nzito na zinavunjika, na mimi nimefurahi sikuzichukua. Mwezi wa pili nikiwa nayo, ndoana iliyonasa kwenye jiwe ilichomoka ghafla na kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi kikaruka kikanipiga lenzi ya kulia. Kiliacha kidonda kidogo kwenye plastiki, kama punje ya mtama. Nyuma ya punje ile kulikuwa na jicho langu.

Kwa anayevaa miwani ya kusomea au ya daktari, lenzi za polaraizi hutengenezwa kwa namba yako pia, ingawa bei hupanda sana. Zipo vilevile kubwa za kuvaliwa juu ya miwani yako ya kawaida, ambazo ni nafuu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: skrini za simu nyingi huwa nyeusi ukizitazama kupitia lenzi hizi simu ikiwa imelazwa upande mmoja. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imekufa nikiwa katikati ya kutuma M-Pesa ya mafuta ya mashua. Igeuze tu. Skrini za vifaa vya kutafutia samaki zina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo kabla ya kukifunga kifaa chako kwa misumari, kikague kwanza ukiwa umevaa miwani.

Kuisafisha, namwagia maji safi kwanza ili mchanga uondoke, tone la sabuni ya vyombo, halafu kitambaa laini ambacho hakifanyi kazi nyingine yoyote. Fulana haiigusi. Juani haikai bila kuvaliwa, na haiachwi mbele ya kioo cha gari.

Mwezi wa Agosti tulikwenda Rusinga kumwona dada yake nera aliyeolewa huko. Maji ya kisiwani ni masafi kuliko yetu ya Kisumu, na kuna kighuba chenye mchanga, chini ya mawe, ambapo nera alisema alivua utotoni. Tulifika kabla ya saa nne asubuhi. Nilivua miwani, nikampa. Alikuwa ameikataa mara nyingi, lakini siku hiyo aliivaa, akarekebisha kamba shingoni, akainama juu ya ubavu wa mashua.

Alikaa hivyo kwa muda. Akainamisha kichwa begani, akakirudisha, kama nilivyomwonyesha, akakiinamisha tena. Niliandaa mshipi na kutia chambo. "Nera, unaona nini?" Hakujibu mara moja. Kisha akanyoosha kidole, akachora duara hewani, na jingine, na jingine.

Ilikuwa ni mashimo ya ngege. Dume huchimba mchanga kwa mdomo mpaka apate duara safi kama sinia, kisha hukaa hapo kulilinda akingoja majike. Nera aliyajua tangu utotoni kwa nyayo zake, akiyakanyaga alipokuwa akioga, lakini hakuwahi kuyaona akiwa juu ya mashua. Alihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, akafika kumi na saba.

"Okewa," akasema, "kunja mshipi."

Nikaukunja. Alichukua upondo, hakugusa injini, akaisukuma mashua kinyumenyume taratibu, uso bado ukiwa majini, mpaka tukayapita mawe.